Pikapu Isiyoogopa Mkwaruzo

Ukimuuliza mtu aliyenunua pikapu kuukuu ya bei ya chini sababu ya uamuzi wake, aghalabu atakupa hesabu: bei aliyolipa, mkopo aliouepuka, bima iliyopungua, vipuri vinavyopatikana bila taabu. Hesabu hiyo si ya uongo, lakini nimekaa na magari ya namna hii muda wa kutosha kujua kwamba haielezi kwa nini macho ya mtu mwenye uwezo wa kununua kitu bora hurudi tena na tena kwenye mkweche wenye rangi iliyopauka na ubao wa nyuma uliopinda. Ukijumlisha tairi, breki, mafuta yanayonywewa na injini ya zamani na siku ambazo gari hulala gereji, unafuu wa bei unaweza kwisha wote. Kinachomvuta mtu, kwa maoni yangu, ni kwamba hilo ni gari ambalo thamani yake imekwisha kushuka hadi mahali ambapo mwenyewe halazimiki tena kulilinda, na pikapu ndiyo aina ya gari ambayo uhuru huo una manufaa makubwa kuliko nyingine zote.

Mtazame mwenye pikapu mpya siku anapotakiwa kubeba kokoto. Kwanza hutandika mpira, juu ya mpira huweka turubai, kisha humwomba anayepakia ateremshe beleshi taratibu. Akimaliza hulizunguka gari akipangusa kingo za bodi, yaani sehemu ya nyuma ya mizigo, kwa kiganja, na mwisho wa yote huapa kwamba safari ijayo atakodi gari la mtu mwingine. Pikapu yake hubaki kubeba masanduku ya nguo. Mwenye pikapu ya miaka 25 hurudi nyuma hadi kwenye lundo, hufungua makomeo mawili, ubao wa nyuma huanguka kwa kishindo na kuning'inia kwenye minyororo yake, na kazi huanza. Sakafu ya chuma imekwisha kukwaruzwa hadi inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, kuta za pembeni zimetokeza kwa nje pale zilipogongwa na mawe kutoka ndani, na hakuna beleshi litakaloongeza jeraha ambalo mnunuzi wa baadaye ataligundua. Mbolea, mbao zenye misumari, friji mbovu, mabati yenye ncha kali, vyote hupanda bila mashauriano.

Uhuru huo unatokana na namna bei ya gari inavyoshuka. Gari hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake katika miaka michache ya mwanzo, halafu mteremko hupungua, na likishavuka miaka 20 bei hukaribia kutulia, kwa kuwa wakati huo haipimwi tena kwa mwaka wa kutengenezwa bali kwa maswali machache ya kikazi: linawaka, linapanda mlima likiwa na mzigo, chasisi ni nzima? Ndiyo maana mtu anaweza kununua pikapu iliyochoka kiasi, akaitumikisha miaka mitatu, akaiuza kwa bei isiyo mbali na ile aliyoinunulia. Hasara kubwa ililipwa na wamiliki wa kwanza, ambao wengi wetu hatutawahi kuwafahamu wala kuwashukuru. Zipo pikapu zinazovuruga hesabu hii kwa kushika bei kupita kiasi, Hilux ikiwa ya kwanza, nami humshauri mwenye fedha chache atazame pia Isuzu, Mazda au Nissan za umri huohuo kabla ya kulipia jina.

Zamani hapakuwa na haja ya kuchagua kati ya pikapu ya kazi na pikapu ya heshima. Mwaka 1925 Ford ilipoanza kuuza Model T ikiwa tayari na bodi ya mizigo kutoka kiwandani, kwa dola 281, mnunuzi aliyekusudiwa alikuwa mkulima na fundi, watu ambao mpaka wakati huo walijiundia wenyewe kisanduku cha mizigo nyuma ya gari la abiria. Hilux ya kwanza, iliyotoka mwaka 1968 na injini ya lita 1.5, ilikuwa na kiti kimoja kirefu cha watu watatu na vitu vichache sana vya kuharibika. Tangu hapo kabini imekuwa ikirefuka na bodi ikifupika. F-150, pikapu ya Ford, yenye kabini moja huweza kupatikana na bodi ya futi 8, lakini ile ya milango minne, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi barabarani, kwa kawaida huja na bodi ya futi 5.5, kiasi kwamba mbao za kawaida za ujenzi hutokeza nje na kufungiwa kitambaa chekundu. Huko Marekani, ushuru wa asilimia 25 unaotozwa pikapu zinazotoka nje tangu mwaka 1964, uliozaliwa katika ugomvi wa biashara ya kuku na nchi za Ulaya, ni mojawapo ya sababu za pikapu ndogo za kigeni kuadimika. Kwa hiyo mtu anayetaka kabini fupi, bodi ndefu na sakafu ya kuoshwa kwa mpira wa maji hulazimika kutazama nyuma, kwa magari yaliyotengenezwa wakati kiwanda bado kilimfikiria yeye.

Kivutio kingine kimo chini ya boneti na uvunguni. Pikapu ya zamani imejengwa juu ya chasisi ya mfano wa ngazi: mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa vipande vya kukatiza, na juu yake kabini na bodi ya nyuma zimefungwa kwa bolti, kila moja peke yake. Bodi ikioza hufunguliwa, ikashushwa na watu wanne, ikawekwa nyingine. Nyuma kuna ekseli moja nzima iliyolala chini ya springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kikivunjika kimoja hubadilishwa hicho tu. Boneti ikifunguliwa unaona ardhi pembeni mwa injini, na mkono unaingia hadi kwenye stata bila kung'oa kitu kingine. Injini za dizeli za Toyota za kizazi cha 2L na 3L (hayo ni majina ya injini, si lita), au 4JA1 ya Isuzu yenye lita 2.5, zilitoka zikiwa na pampu ya dizeli inayoendeshwa kimakanika. Zikishawaka hazihitaji kompyuta kuziambia namna ya kuchoma mafuta. Kwenye petroli, 22R ya Toyota yenye lita 2.4 ina kabureta ambayo fundi anaweza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha mchana mmoja. Hitilafu ya gari kama hilo husikika, hunusika au hushikika. Mwenyewe, hata kama si fundi, baada ya muda huanza kutofautisha mlio wa feni belti iliyolegea na mlio wa beringi inayokufa, na maarifa hayo hayampatii tu nafuu ya gharama; humpa mamlaka fulani juu ya kitu chake ambayo mwenye gari jipya, anayesubiri mashine ya kusoma hitilafu, hana.

Vipuri navyo vina historia yake. Toyota iliweka injini za familia hiyo ya L katika Hilux na pia katika Hiace, kwa miaka mingi, na matokeo yake ni kwamba gasketi, nozeli, pampu za maji na mikanda ya taimingi, ile inayooanisha mwendo wa valvu na pistoni, zilitengenezwa kwa wingi na bado zinatengenezwa. Ninapopima pikapu kuukuu huuliza kwanza ni magari mangapi mengine yanayotumia injini ileile, kabla sijauliza imetembea kilomita ngapi. Kilomita zenyewe sizipi uzito: zipo pikapu za zamani zenye mita ya tarakimu tano, ambayo ikifika 99,999 huanza upya, na namba unayoisoma haikuambii ni duru ya ngapi.

Hapo ndipo penye kazi ngumu ya mnunuzi, kwa sababu bei rahisi huvutia pia wauzaji wenye siri. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nami huongeza kwamba kibaya siku hizi hujipaka rangi kwanza. Pikapu iliyopauka juu lakini nyeusi ya kung'aa uvunguni inapaswa kukutia wasiwasi kuliko ile yenye vumbi la kweli. Lala chini na nyundo ndogo. Anza nyuma ya kabini, fuata mhimili wa chasisi hadi pale unapojikunja kupita juu ya ekseli ya nyuma, kisha uzunguke vishikizo vya springi, ukigonga kila baada ya kiganja kimoja. Chuma kizima hulia kwa sauti kali inayojirudia. Kilicholiwa na kutu hujibu kwa sauti nzito iliyokufa, na pengine nyundo huacha shimo. Mihimili mingi ina uwazi ndani, kwa hiyo tope na maji hukaa humo na kutu huanza ndani kwenda nje, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki. Wala hili si tatizo la magari ya kale peke yake: mwaka 2016 Toyota ilikubali suluhu yenye thamani ya hadi dola bilioni 3.4 nchini Marekani kuhusu chasisi za magari yake ya Tacoma, Tundra na Sequoia zilizodaiwa kuoza mapema. Fananisha pia namba iliyogongwa kwenye chasisi na ile iliyo kwenye hati, tarakimu kwa tarakimu, kwani chasisi iliyobadilishwa bila karatasi ni mgogoro unaoununua kwa fedha zako.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta ina joto, rudi kesho yake asubuhi. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta uone rangi ya maji na kama kuna mafuta yanayoelea. Ikishawaka, fungua kifuniko cha oili: mvuke mwepesi hausumbui, lakini moshi unaosukumwa kwa nguvu huonyesha kwamba ringi za pistoni zimechoka na siku ya kushusha injini haiko mbali. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Mweupe usiokoma hata baada ya kupata joto, shuku gasketi ya silinda hedi. Mweusi kwenye dizeli mara nyingi ni nozeli, pampu au chujio la hewa lililoziba. Halafu omba kuiendesha ikiwa na mzigo, maana gia inayoruka na klachi inayoteleza hujificha vizuri sana gari likiwa tupu.

Katika yote hayo, mimi husamehe mengi. Kiti kilichochanika, dashibodi iliyopasuka, kioo kinachopandishwa kwa kusaidiwa na mkono, hata injini iliyochoka, mradi bei inakiri uchovu huo, ni mambo yanayorekebishika. Chasisi iliyooza siisamehe kwa bei yoyote. Na mkanda wa taimingi wa 2L au 3L ambao hakuna anayejua ulibadilishwa lini hubadilishwa wiki ileile, kwa kuwa ukikatika valvu hukutana na pistoni. Kwa kawaida hutenga akiba isiyopungua theluthi ya bei ya ununuzi kwa ajili ya mwaka wa kwanza, na sijawahi kuiona ikibaki.

Lipo jambo ambalo wapenzi wa magari haya, nami nikiwemo, tunalipitia haraka mno, nalo ni usalama. Pikapu nyingi za miaka ya 1980 na 1990 hazina mifuko ya hewa wala breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu kujifunga. Zikiwa tupu, nyuma huwa nyepesi sana, na ukikanyaga breki ghafla barabara ikiwa na maji magurudumu ya nyuma huweza kujifunga na mkia ukatangulia. Nyingi zilitoka kiwandani na valvu inayopunguza nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo, lakini kwa umri huo mara nyingi imekwama au fundi fulani aliiondoa. Moshi wa dizeli nao, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuweka mwaka 2012 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa sababu hizi siioni pikapu kuukuu kuwa gari la kupeleka watoto shule kila asubuhi, wala la safari ndefu za usiku. Ni chombo cha kazi cha masafa mafupi na mwendo wa kiasi, na anayeinunua ili iwe gari lake pekee anapaswa kutafakari mara ya pili.

Jiandae pia kwa umaarufu. Mwenye pikapu hugundua kwamba kila anayemjua anahama nyumba, na kwamba wengi wao wanahama Jumamosi. Weka masharti mapema: nani anaweka mafuta, nani anaendesha, na mzigo unaishia wapi, kwa maana azimaye gari haoni springi zikinyooka.

Kuhusu mwisho wake, hakuna haja ya huzuni nyingi. Chasisi ikipasuka mahali pasipochomeleka, pikapu huacha kuwa gari lakini haiachi kuwa mali. Injini, gia boksi, difu, rejeta, milango na hata ubao wa nyuma uliopinda huuzwa kimoja kimoja kwa wenye pikapu za aina ileile, na mara nyingi jumla yake huikaribia bei ya gari zima linalotembea.