Nilivyojifunza Power Query kwa madaftari ya dagaa

Excel nilikuwa naitumia siku nyingi. Kazi yangu hapa Kirumba, Mwanza, ni kutunza hesabu za mama mmoja anayenunua dagaa wabichi visiwani, anawaanika hukohuko, kisha anawauza soko la Mwaloni. Nilipoamua kufanya mtihani wa PL-300, ule wa Microsoft kwa wachambuzi wa data wanaotumia Power BI (programu yake ya kutengeneza ripoti za data), nikakuta asilimia 25 hadi 30 ya mtihani ni kuandaa data, na kazi hiyo inafanyikia Power Query, sehemu ya kusafishia data iliyomo ndani ya Power BI na Excel. Mle ndani nilikuwa mgeni kabisa.

Programu yenyewe, Power BI Desktop, ni ya bure, mradi kompyuta iwe ya Windows. Masomo ya Microsoft Learn nayo ni ya bure. Tatizo langu lilikuwa data za mazoezi: safi mno. Unabonyeza unapoambiwa ubonyeze, somo linaisha, na wewe umebaki kama mtu aliyemwangalia mwenzake akipika.

Nikamwendea mama. "Mama, naomba yale mafaili ya zamani nijifunzie."

"Chukua mwanangu. Ila bei tulizonunulia asizione mtu."

Hapo ndipo shule ilipoanza. Kisiwa kimoja tu kilikuwa na sura kibao: "Goziba", "goziba", "GOZIBA", na "Goziba" nyingine yenye nafasi mwishoni usiyoiona kwa macho. Power Query inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo kwake hivyo ni visiwa vinne. Halafu amri yake ya Trim inakata nafasi za mwanzo na mwisho tu. Ukiandika "dagaa  wakavu" kwa nafasi mbili katikati, zinabaki vilevile, tofauti na TRIM ya Excel tuliyoizoea.

Tarehe nazo zina ujanja wake. Kompyuta ikiwa imepangwa Kimarekani, 25/03 inaleta kosa, na hilo ni afadhali kwa sababu unaliona. Inayoumiza ni 05/03: inageuka Mei 3 kimyakimya. Dawa ni kubadilisha aina ya kolamu kwa Using Locale na kuchagua Kiingereza cha Uingereza.

Lakini kilichonifundisha kuliko vyote ni nafasi tupu. Karani aliyenitangulia alipanga kila mwezi kwenye ukurasa wake: majina ya mialo, yaani sehemu boti zinapoegesha, yanashuka chini, siku 1 hadi 31 zinakwenda kulia. Unatakiwa uzigeuze siku ziwe mistari kwa Unpivot Other Columns. Sasa, amri hiyo ikikuta nafasi tupu inaitupa, siku hiyo haipo tena. Na ukitumia Fill Down kabla ya kugeuza, itajaza pengo kwa namba ya mwalo ulio juu yake. Ipi sahihi? Programu haijui. Nikampelekea mama kompyuta.

Akanyoosha kidole kwenye pengo refu. "Hiyo mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu boti zinalala." Akashuka chini kidogo. "Hii sasa ilikuwa giza, na mzigo tulipokea. Hapa karani hakuandika."

Kwa hiyo siku za mbalamwezi niliziwekea sifuri kabla ya kugeuza jedwali, na zile za karani nikaziacha tupu. Tofauti inaonekana kwenye wastani: sifuri inahesabiwa, tupu inarukwa. Kwenye zile data safi za mazoezi hilo nisingelijua.

Jambo lingine dogo: vipimo vya ubora wa kolamu vinaangalia mistari 1,000 ya kwanza tu, mpaka ubofye maandishi madogo chini kushoto na kuchagua data yote. Kolamu ya bei iliyokuwa "safi" ikaanza kuonyesha makosa.

Aina za kuunganisha majedwali nilizimaliza haraka. Niliyoipenda ni Left Anti, maana inakutolea majina ya mialo yasiyo kwenye orodha yako, na unajua pa kwenda kusafisha.

Maswali ya mtihani hairuhusiwi kuyasimulia. Ninachoweza kusema ni kwamba alama ya kufaulu ni 700 kati ya 1,000, na niliipita. Kama utaufanyia nyumbani, unatakiwa uwe peke yako chumbani, kamera imewashwa, meza tupu. Mimi naishi nyumba ya kupanga yenye watoto wengi, nikaazima chumba kwa kaka yangu. Cheti kinadumu mwaka mmoja, na kukihuisha ni bure, mtandaoni.