Mjomba na zile sekunde tatu
Jana usiku hapa Nakuru nilimwekea mjomba, mwanajeshi mstaafu, filamu ya vita Saving Private Ryan ya 1998. Pale wanajeshi wanaposhuka ufuoni Omaha, Ufaransa, hakusema neno. Chai ikapoa mkononi. Nikamwambia ufuo uliotumika kupigia filamu ni wa Ayalandi, na baadhi ya waigizaji waliokatika viungo ni walemavu kweli. Akaguna tu.

Kilichomkera ni tamthilia niliyoweka baadaye. Bomu linalipuka kule mlimani, mlio papo hapo! "Mpwa wangu, sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Ikiwa kilomita moja, unaona moto, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo usikie." Halafu buti: mwezi mzima vitani, hazina hata tope!

Sasa sitazami tena, nahesabu tu.