Betri ya Moto

Februari 1979, kwenye vita vya Kagera, tulipokwisha kuvuka Mutukula kuelekea Masaka, nilibebeshwa Strela, silaha ya begani ya kutungulia ndege. Kwa Mrusi strela ni mshale, lakini kikosini kwetu tuliliita bomba tu, na kweli lilifanana na bomba la maji: karibu mita moja na nusu, kilo kama 15 na kombora lake ndani. Kilo 15 ukizisoma kwenye karatasi ni kidogo. Zitembeze siku tatu kwenye matope, halafu tuongee.

Mafunzoni tulikaririshwa jambo moja: usihangaike na ndege inayokuja, hangaika na inayokwenda. Jicho la kombora lile halikuona ndege, liliona moto wa mkiani tu. Kwa hiyo unamwacha rubani akupige kwanza, akishapita ndipo unamrudishia. Aliyebuni utaratibu huo bila shaka hakutegemea kulala barabarani yeye mwenyewe.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunapata uji chini ya migomba. Ndege ya kivita ya adui, MiG, ikasikika. Nikaruka na bomba begani, na kwa kiherehere changu nikawasha betri ya bomba kabla sijaiona hata ndege yenyewe. Betri ile ukishaiwasha haizimiki. Inakupa sekunde 40 hivi, basi, imekufa. Na mimi ndizo hizo nazimaliza nikizungusha bomba mawinguni.

Mara likaanza kulia sikioni, zzzz. Moyo ukanidunda: nimeipata!

"Hilo jua!" koplo akapiga kelele kutoka mtaroni. "Umelishika jua, mjinga wewe!"

Ndege ikatokea kushoto, chinichini, karibu iguse migomba. Ikamwaga risasi barabarani, ikapita. Mkia ukawa wazi mbele yangu, kama kwenye picha za darasani. Nikavuta kifyatulio. Kimya. Nikavuta tena. Hata ule mlio ulikuwa umekata.

Hakuumia mtu. Sufuria ndiyo iliyopata matundu mawili, uji ukawa unachuruzika kwenye majani makavu, na wenzangu wananitazama mimi, si sufuria.

Koplo akaja bila haraka, akaichomoa betri, akanitilia kiganjani. Ilikuwa ya moto kama kiazi kilichotoka jivuni.

"Ishike mpaka ipoe."

"Ndiyo, afande."

Ilichukua muda mrefu sana kupoa.