Foleni ya Ndundu

Mume wangu aliendesha malori ya korosho kati ya Lindi na Dar tangu barabara ile haijawa barabara. Daraja la Rufiji lilikuwa halijajengwa. Magari yalivuka kwa pantoni pale Ndundu. Mto ukifurika au injini ya pantoni ikigoma, madereva walilala hapo hapo hata siku kadhaa. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, naye alilipita miaka mingi kabla ya kustaafu. Lakini ugonjwa wa kusahau ulipomshika, ulifuta daraja ukaacha pantoni.

Daktari alitueleza kuwa ndivyo unavyokwenda: ya jana hutangulia kupotea, ya ujanani hukawia. Mawifi zangu walikuwa na maelezo yao, wakamtaja hadi jirani. Niliwaacha na jirani yao.

Basi usiku mmoja wa masika, mvua inapiga bati, nikasikia mtu anahangaika na komeo. Kavaa shati, vifungo vimepishana, kiatu mguu mmoja. Anatafuta ufunguo wa lori.

"Baba Salama, safari ya wapi saa hizi?"

"Ndundu. Nikichelewa nitakuwa wa mwisho."

Mwanetu akatoka chumbani, akaanza: baba, lori liliuzwa, daraja lipo, ulishastaafu. Kila neno likamzidishia hasira mzee, mpaka mikono ikamtetemeka. Nikamwashiria mtoto akalale.

"Pantoni imeharibika," nikasema. "Fundi kafuatwa Utete."

Akasimama, akawaza. "Tena?"

"Tena."

Akaketi kwenye kochi, akavua kiatu, akaanza kuilaumu serikali kama dereva yeyote aliyekwama. Nikawasha jiko, nikachemsha chai ya tangawizi, nikapasha chapati zilizobaki jioni. Nilipomwekea akanitazama kwa adabu, ile anayotazamwa mama ntilie asiyefahamika.

"Dada, huogopi kuuza usiku peke yako?"

"Nimezoea, kaka."

Miaka yote aliyoniacha na watoto akaenda safari, hakuwahi kuniuliza hivyo.

Akanywa. Akasema ana mke Lindi, mkali, hapendi achelewe. Nikamuuliza, anajua kupika?

"Huyo anajua," akasema, akiigeuzageuza chapati kwenye mwanga wa taa. "Hizi zenu Warufiji zimezidi mafuta."

Akala zote. Kisha akapapasa mfuko, hana hela. Akaomba nimwandikie, atalipa akirudi na mzigo wa saruji. Nikamwambia madereva wa Lindi siwakopeshi.