Siku Dari Iliposhushwa

Mwaka 2017 tulikubaliana kukarabati nyumba ya mama, Majengo, Moshi. Kazi yenyewe ilionekana nyepesi: kushusha silingi bodi za zamani, kupiga mpya, kuziba nyufa, kupaka rangi. Mama aligoma kuhamia kwa mdogo wangu anayeishi Pasua. "Nyumba yangu inatengenezwa, mimi niende wapi?" Februari ilikuwa inaishia na masika yalikuwa yanabisha hodi, kwa hiyo hatukubishana naye sana.

Bodi ya kwanza ilishuka na vumbi jeusi, mavi ya popo na viota vya panya. Makochi tuliyafunika, lakini vumbi lilipenya hadi kwenye kopo la sukari. Fundi akapanda juu, akanyamaza. Aliyewahi kulipa fundi anakijua kile kimya. Akaniita nipande ngazi, akachomoa penseli sikioni, akaisukuma kwenye kenchi. Ikazama hadi nusu. Mchwa walikuwa wamekula ndani kote, wakaacha ganda.

"Kwani si hizo mbao zilizoshika bati?" mama akauliza kutoka chini.

"Kwa hapa, mama, bati ndilo lililoshika mbao."

Mama akacheka. Sisi tuliokuwa tunalipa, hapana.

Tukakaa uwani kupiga hesabu upya: kenchi na papi za kupigilia bati, zote zilizotiwa dawa, misumari, na bati mpya kwa upande ule, kwa kuwa zile za zamani zilishaanza kuoza kwenye matundu ya misumari. Kaka akaipigia debe geji 30 kwa unafuu wake. Fundi akang'ang'ania 28, maana kwenye bati namba ikipungua ndipo unene unaongezeka. Nikamuunga mkono fundi. Kuezeka mara mbili ndiyo hasara. Halafu zikaonekana nyaya za umeme, ganda linapukutika ukiligusa tu. Hizo hazikujadiliwa.

Paa hakulifunua lote kwa mkupuo. Alifunua chumba, akaezeka, ndipo akahamia kingine, turubai likiwa karibu. Mama naye akawa anahama na kitanda chake, chumba hadi chumba. Alipikia uwani kwenye jiko la mkaa, na ingawa chakula hakikuwamo kwenye makubaliano, saidia fundi hawakukosa uji wa saa nne.

Ugomvi ulikuja kwenye rangi. Kaka alitaka ipakwe mara tu lipu ilipokuwa ngumu. Fundi akaimwagilia maji wiki nzima, kisha akaiacha ikauke taratibu.

"Nikipaka leo, bosi, rangi itavimba, na mwezi wa sita utaniita tapeli."

Kaka akasonya, akaondoka na pikipiki yake. Rangi ikasubiri.

Hela ya fisherbodi, zile mbao za ukingoni mwa paa, iliishia kwenye nyaya, kwa hiyo za zamani zipo mpaka leo. Bati kuukuu hazikwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mama alimpa jirani, akaezekea banda la kuku.