Aspirini Iliyorudi Kabatini

Novemba 2022, maembe yameanza kujaa sokoni Tabora, mama mmoja alimshusha mumewe kwenye bajaji mbele ya chumba cha dharura. "Dokta, kichwa kimempiga ghafla akinywa chai, akatapika. Ila shingo ameilalamikia tangu juzi."

Hilo la shingo ndilo lililotuokoa. Bwana yule, miaka 44, alikuwa mpakia asali. Ndoo ya lita 20 ya asali ina kilo 28 hivi. Si maji yale. Shingo ilipokaza, kinyozi akaivunja kulia, akaivunja kushoto. Kati ya ndoo na kinyozi, nani aliyeuchana mshipa wa damu unaopita shingoni, picha tulizopiga baadaye hazisemi.

Presha ilikuwa 190/110 na shingo imekakamaa. Daktari aliye mafunzoni alishaandika aspirini miligramu 300: presha juu, kizunguzungu, basi ni kiharusi cha damu kuganda. Vidonge vilikuwa kwenye kisahani. Nikaomba visubiri CT, picha ya ndani ya kichwa.

Ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ikichanika ngozi yake ya ndani, damu hupenya katikati ya ukuta. Ikitokea shingoni, hatari kubwa ni damu kuganda na kuziba, na hapo aspirini ni dawa. Mshipa ukishaingia ndani ya fuvu, ukuta wake ni mwembamba, hauna tena ule utando wa nje unaovutika. Mchaniko hutoboka kwa nje na damu humwagika kuuzunguka ubongo. Ugonjwa mmoja, dawa zinazopingana.

CT ilionyesha weupe wa damu mbele ya shina la ubongo. Tulipochoma dawa ya rangi, ateri ya kulia inayopanda kwenye pingili za shingo ilionekana imevimba kama ushanga, kisha imesinyaa kama uzi. Aspirini ikarudi kabatini.

Saa 24 za kwanza ndizo mbaya zaidi, maana mshipa ukitoboka mara ya pili wengi hawarudi. Tukainua kichwa cha kitanda nyuzi 30, tukaishusha namba ya juu ya presha chini ya 160 polepole (ukiiporomosha, ubongo unakosa damu). Paracetamol, dawa ya kulainisha choo asijikamue, dripu ya chumvi bila glukosi. Nimodipini miligramu 60 kila baada ya saa 4, kwa siku 21. Hiyo huulinda ubongo siku ya 4 hadi ya 14, mishipa inapojikunyata. Ndugu walitaka wamkande shingo. Tulikataa, tena kwa ukali.

Tiba yenyewe ilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Waliingiza mrija kupitia kinena, wakaiziba ateri ile kwa nyaya laini za kujikunja, kwa kuwa ya kushoto ilikuwa nene ya kutosha kulisha peke yake. Ingekuwa nyembamba, wangeweka bomba la wavu ndani ya mshipa, na bomba hilo hudai aspirini ile ile, tena na mwenzake klopidogreli.

Alirudi kliniki baada ya wiki sita, anatembea kwa kuyumba kidogo, sauti imekwaruza, maji yanampalia. Vijitawi vya mshipa uliozibwa vililisha pembeni mwa shina la ubongo, na sehemu ile ilikufa. Mkono wa kushoto una nguvu zote ila haujui moto. Mkewe alinionyesha lengelenge la kikombe cha chai kwenye kiganja cha mumewe. "Siku hizi maji ya kuoga nayapima mimi kwanza," alisema.