Mgeni anakuja kufanya kazi Dodoma? Vibali ni viwili

Wenye shule, hospitali na kampuni mnaoajiri wageni hapa Dodoma, naomba mlishike hili. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, na ndicho cha kuanza nacho. Kibali cha ukaazi daraja B hutoka Uhamiaji. Kimoja bila kingine hakitoshi. (Daraja A ni la wawekezaji, wanafunzi na watafiti ni C.)

Panapokwama sana ni majina. Pasipoti ina majina matatu, cheti cha chuo mawili, mkataba umefupisha la katikati: hapo ombi linarudishwa. Kabla ya kupakia chochote kwenye mfumo, tandaza karatasi zote mezani usome herufi kwa herufi. Cheti cha Kifaransa au Kichina kitafsiriwe kwanza. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo (control number) tu. Anayetaka pesa mkononi mkimbieni.

Tafadhali, msimwambie mtu "njoo tu na visa ya matembezi, tutarekebisha ukifika". Visa hiyo hairuhusu kazi, na anayeumia ni yeye, ugenini, hana ndugu wa kumpigia simu. Anzeni kabla hajakata tiketi.